Kazi ya modemu ni kupambana na kelele

Intaneti ikigoma nyumbani, dawa ya kwanza ya karibu kila mtu ni kuchomoa modemu kwenye umeme, kusubiri kidogo, kisha kuichomeka tena. Na mara nyingi dawa inafanya kazi. Kwa dakika moja au mbili taa zinapepesa, moja inawaka, nyingine inazima, huku watu wa nyumbani wakinung'unika. Wengi hudhani kisanduku kinaamka tu. Kumbe huo ndio muda wa kazi nzito kuliko yote: modemu inaipima njia iliyo mbele yake, inasikiliza ina kelele kiasi gani, na inapatana na mashine ya upande wa pili kuhusu data kiasi gani ipite bila kuharibika. Kifurushi ulichonunua kinaweka tu kikomo cha juu. Utakachokipata hasa kinategemea mapatano hayo.

Kwanza tutenganishe mambo, maana kisanduku tunachokiita modemu kwa kawaida ni mashine kadhaa zilizobanwa ndani ya ganda moja la plastiki. Ipo modemu yenyewe, inayowasiliana na nje kupitia waya wa simu, kebo, faiba au mawimbi ya mnara. Ipo ruta, inayougawa muunganisho huo mmoja kwa vifaa vyote vya nyumbani. Ipo na redio ya Wi-Fi, inayorusha data hewani hadi kwenye simu na kompyuta zenu. Mtu akisema "modemu mbovu", huenda anailaumu yoyote kati ya hizo tatu, na kwa maoni yangu lawama nyingi humwangukia asiyehusika. Wi-Fi tutaifikia. Isiyoeleweka zaidi ni modemu, basi tuanze nayo.

Milio miwili kila upande

Kompyuta hufanya kazi kwa biti, yaani sifuri na moja. Waya haujui sifuri wala moja. Unachopitisha ni umeme unaopanda na kushuka, na mtandao wa simu wa zamani uliundwa upitishe kitu kimoja tu: sauti ya binadamu, kati ya hezi 300 na 3,400 hivi. Kilichokuwa juu au chini ya hapo kilichujwa. Kompyuta iliyotaka kupita humo ilibidi ipige kelele kama mtu.

Bell 103, modemu iliyotolewa na AT&T mwaka 1962, ilifanya hivyo kwa njia nyepesi kabisa. Upande uliopiga simu ulitoa mlio wa hezi 1,270 kumaanisha moja na wa hezi 1,070 kumaanisha sifuri. Upande uliopokea ulijibu kwa hezi 2,225 na 2,025, ili wote wawili waongee kwa wakati mmoja bila kuingiliana. Biti 300 kwa sekunde, basi. Kwa mwendo huo picha moja yenye megabaiti 3 ingechukua zaidi ya saa 22 kufika.

Modemu zote zilizokuja baadaye zinafanya kazi ileile: kulibadilisha wimbi sura kwa namna ambayo upande wa pili utaisoma kuwa biti. Kilichoongezeka ni idadi ya sura ambazo wimbi moja linaweza kuchukua. Badala ya kubadili mlio tu, wahandisi walianza kubadili mambo mawili kwa pamoja: ukubwa wa wimbi, na hatua ambayo wimbi linaanzia katika mzunguko wake. Chora mistari miwili inayokatana kwenye karatasi, na kila muungano wa ukubwa na hatua utakuwa nukta moja mahali pake. Ukiwa na nukta 16 za kuchagua, kila nukta unayoituma inabeba biti 4. Ukiwa na 256, inabeba biti 8. Ukiwa na 4,096, biti 12. Modemu hutuma nukta baada ya nukta, maelfu au mamilioni kwa sekunde, na mpokeaji kazi yake ni kuangalia alichopokea kiko karibu zaidi na nukta ipi.

Hapo ndipo kelele inapoingia. Si kelele ya masikioni. Ni umeme mdogomdogo usiotakiwa: joto la waya wenyewe, chaja ya bei rahisi iliyo karibu, mota ya friji ikiwaka, waya wa jirani uliofungwa kwenye bunda moja na wako, kituo cha redio. Nukta 16 zikikaa kwenye karatasi zina nafasi ya kutosha, na hata moja ikisogezwa kidogo itatambulika. Zikijazwa 4,096 kwenye karatasi ileile zinabanana kiasi kwamba mtikisiko mdogo unaisukuma nukta hadi kwa jirani yake, na biti zinasomwa vibaya.

Hesabu yake ni kali. Kila biti moja unayoiongeza kwenye nukta inadai uwiano wa nguvu ya wimbi na nguvu ya kelele uwe takriban mara mbili ya ulivyokuwa. Kutoka biti 8 hadi 10 unapata ongezeko la robo tu la kasi, na unalilipia kwa mara nne ya uwiano ule. Ndiyo maana waya uliochakaa kidogo unaweza kuangusha kasi sana: kilichopotea ni ile nafasi finyu kati ya nukta na nukta.

Mwaka 1948 Claude Shannon wa Bell Labs alionyesha kwamba kila njia ya mawasiliano ina kikomo chake, kinachotokana na mambo mawili tu: upana wa masafa, na nguvu ya wimbi ikilinganishwa na kelele. Chukua njia ya simu yenye upana wa hezi 3,100 na wimbi lenye nguvu mara 1,000 ya kelele, na kanuni yake inakupa takriban biti 31,000 kwa sekunde. Wanaokumbuka modemu zilizopiga milio ya ajabu kabla ya kuunganishwa watauliza: mbona zile za mwisho zilifika 56,000?

Zilifika kwa ujanja ninaoupenda kuliko wote katika historia hii. Kufikia miaka ya 1990 mitambo ya simu ilikuwa tayari inaigeuza sauti kuwa namba, mara 8,000 kwa sekunde, na ugeuzaji huo wenyewe ndio uliokuwa chanzo kikubwa cha kelele. Kiwango cha V.90 cha mwaka 1998 kilimruhusu mtoa huduma aingize namba zake moja kwa moja kwenye mtambo, bila kupita kwenye ugeuzaji. Biti 7, mara 8,000 kwa sekunde: 56,000. Ilikuwa kwa upande wa kupakua tu. Kupakia kulibaki 33,600, kwa sababu modemu ya nyumbani bado ilituma sauti. Kikomo cha Shannon hakikuvunjwa. Kelele ndiyo iliyoondolewa njiani.

Waya uleule, masafa mengine

Hatua iliyofuata ilitokana na kugundua kwamba kikwazo hakikuwa shaba yenyewe bali vichujio vya mtandao wa simu. Waya wenyewe unaweza kupitisha masafa ya juu zaidi ya sauti, mradi safari iwe fupi. ADSL, yaani intaneti ya kasi kupitia waya wa simu, ilipanda hadi kilohezi 1,104, ikaiachia simu sehemu ya chini, na ile iliyobaki ikaikata vipande vyembamba vya takriban kilohezi 4.3 kila kimoja. Hesabu nzima ni vipande 256, na kila kinachotumika kinafanya kazi kama modemu ndogo inayojitegemea. Kile kichujio kidogo unachochomeka kati ya ukuta na simu ya mezani kipo ili milio hiyo isiingie kwenye mazungumzo, na simu nayo isiichafue data.

Sasa rudi kwenye taa zinazopepesa. Modemu ya ADSL ikiwaka, inapeleka mpangilio unaojulikana katika kila kipande, na mashine ya upande wa pili inafanya vivyo hivyo. Kwa kulinganisha kilichotumwa na kilichofika, zinajua kila kipande kina kelele kiasi gani. Kisha zinagawana mizigo. Kipande kisafi kinaweza kupewa hadi biti 15 kwa kila nukta. Kilicho jirani na chanzo cha kelele kinapewa 4 au 2. Kinachogongana na kituo cha redio cha masafa ya kati huenda kikaachwa kitupu kabisa. Ukijumlisha biti za vipande vyote unapata kasi ya laini yako, na sasa unaona kwa nini huwa namba isiyo ya mviringo kama kilobiti 7,616 kwa sekunde na si 8,000 kamili.

Masafa ya juu ndiyo yanayokufa kwanza njiani. ADSL2+ ilipanua eneo hadi megahezi 2.2, na karibu na mtambo inaweza kufika megabiti 24 kwa sekunde. Nyumba iliyo kilomita 5 mbali haifaidi nyongeza hiyo hata kidogo, maana ile sehemu mpya haifiki. VDSL2, ndugu yake wa baadaye inayofika megahezi 17 au 30, inataka mtambo usogezwe hadi kwenye kabati la mtaani.

Ukifungua ukurasa wa mipangilio wa modemu ya namna hii utakuta kipimo kinachoandikwa SNR Margin, kwa desibeli. Hiyo ni akiba. Pande mbili zilipopatana hazikujaza kila kipande hadi ukingoni; ziliacha nafasi, mara nyingi desibeli 6, ili kelele ikipanda kidogo laini isikatike. Sasa fikiria mapatano yaliyofanyika mchana, wakati redio za masafa ya kati za mbali hazisikiki. Usiku ukiingia mawimbi yao yanasafiri mbali zaidi na kuingia kwenye waya wako. Akiba inaliwa, makosa yanaongezeka, laini inakatika na kuanza kupatana upya. Kinyume chake pia hutokea: mapatano yalifanyika wakati wa kelele, kelele ikaondoka, nawe unabaki na kasi ndogo mpaka uizime na kuiwasha. Hapo ndipo dawa ya kuchomoa inapotibu kweli.

Lakini usiigeuze kuwa mazoea. Baadhi ya watoa huduma wana mifumo inayofuatilia laini, na laini inayokatika mara kwa mara huhesabiwa kuwa dhaifu, ikapunguziwa kasi ili itulie. Mfumo haujui kama aliyekata ni kelele au ni wewe.

Kebo: modemu inayobisha hodi

Kebo ya televisheni ni njia pana kuliko waya wa simu, lakini ni ya mtaa mzima. Kiwango chake, DOCSIS, kilitoka mwaka 1997. Masafa hukatwa chaneli za megahezi 6 Marekani na 8 Ulaya, na chaneli moja ya megahezi 6 yenye nukta 256 hupitisha takriban megabiti 38 kwa sekunde. DOCSIS 3.0 ya mwaka 2006 iliruhusu modemu moja itumie chaneli nyingi kwa pamoja, na 3.1 ya mwaka 2013 ikapandisha nukta hadi 4,096.

Hapa kuwaka kwa modemu kuna utaratibu wake. Inaanza kwa kupekua chaneli moja baada ya nyingine mpaka isikie mtambo wa mtoa huduma. Inasoma matangazo yanayoeleza masafa gani ni ya kutumia kupakia. Kisha inajitambulisha kwa sauti ya chini, na isipojibiwa inaongeza nguvu kidogokidogo mpaka isikike. Mtambo unaijibu: punguza nguvu kiasi hiki, wahisha kiasi hiki. Wakishaelewana, modemu inapewa anwani na kupakua faili dogo la mipangilio lenye, miongoni mwa mengine, kasi ya kifurushi chako. Kwa upande wa kupakia, modemu inajizuia yenyewe kwa kufuata faili hilo.

Hata baada ya hapo haitumi inapojisikia. Kwa kuwa nyumba nyingi zinatumia kebo moja, kila modemu inaomba nafasi, inapewa muda wake, ndipo inatuma. Jioni, kila mtu akiwa mbele ya video, nafasi zinakuwa haba. Modemu yako nzima, kebo nzima, taa zote kijani, na bado intaneti ni ya kuvuta.

Faiba

Faiba inafurahisha kwa jambo moja: teknolojia mpya kuliko waya wa simu na kebo inatumia mbinu ya kizamani kuliko zote. Hakuna nukta 4,096. Katika mfumo wa GPON mwanga unawaka kumaanisha moja na kufifia kumaanisha sifuri. Kioo ni kitulivu na kipana kiasi kwamba hakuna haja ya ujanja. Unawasha na kuzima haraka tu. Haraka kiasi gani? Mara bilioni 2.488 kwa sekunde upande wa kupakua. Mwanga hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde ndani ya kioo, kwa hiyo kila biti ina urefu wa sentimita 8 hivi ndani ya uzi. Kupakia ni nusu ya kasi hiyo, kwa uzi huohuo, maana mwanga wa kushuka una nanomita 1,490 na wa kupanda 1,310.

Njiani kuna kigawanyo cha kioo kisichotumia umeme, kinachoupasua mwanga mmoja kwenda nyumba 32 au 64. Maana yake kila nyumba inapokea mwanga wa wote. Kifaa chako, ONT, kinachagua data yake na kuitupa iliyobaki, na data inaweza kufungwa kwa usimbaji ili jirani asiisome. Kupanda ndiko kwenye kazi: leza mbili zikiwaka pamoja zitavurugana. Hivyo mtambo unapima umbali wa kila nyumba. Iliyo kilomita 3 mbali zaidi ya jirani yake inachelewa mikrosekunde 15 kwa kwenda tu, na hilo lazima lihesabiwe kabla ya kuambiwa zamu yake ya kuwasha leza inaanza lini. ONT iliyoharibika ikaacha leza yake ikiwaka ovyo inaweza kuwanyima huduma majirani wote walio kwenye kigawanyo kile.

Taa nyekundu ya LOS kwenye ONT haina siri: mwanga haufiki. Uzi umekunjwa sana, umekatika, au kiunganishi kimeingia uchafu. Hapo kuzima na kuwasha ni kujichosha.

Modemu ya laini ya simu, ya 4G au 5G, inafanya mapatano yaleyale lakini bila kupumzika. Kwenye 4G mnara unagawa masafa upya kila milisekunde moja, na modemu inaripoti mara kwa mara inasikia vizuri kiasi gani ili mnara uchague utumie nukta nyingi au chache. Kwa hiyo mahali unapoiweka pana uzito. Kuihamisha kutoka kona ya kabati hadi dirisha linaloelekea mnara kunaweza kufanya zaidi ya kununua mpya. Angalia kipimo cha SINR (nguvu ya wimbi ikilinganishwa na kelele na mwingiliano) kwenye ukurasa wake kuliko vile vistari vya mtandao, kwa sababu wimbi lenye nguvu lililojaa kelele halina faida.

Kabla ya kuilaumu

Jaribio moja linamaliza ubishi mwingi: unganisha kompyuta kwenye kisanduku kwa waya wa mtandao, kisha pima kasi. Ikiwa kwa waya unapata unacholipia, na chumbani kwa Wi-Fi unapata robo, modemu haina kosa. Wi-Fi ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri lakini ina msongamano. Ya gigahezi 5 ina kasi lakini ukuta mnene unaimaliza. Na usisahau kugawanya kwa 8: vifurushi huuzwa kwa megabiti, programu nyingi za kupakua huonyesha megabaiti, hivyo laini ya 100 ikikuonyesha 12 ipo sawa.

Kuna tatizo moja ambalo kipimo cha kasi mara nyingi hakilionyeshi. Uko kwenye simu ya video, mtu mwingine anaanza kupakia picha zake zote kwenye hifadhi ya mtandaoni, nawe unaganda. Kasi haijapungua. Kilichotokea ni foleni. Modemu ina kumbukumbu ya kuhifadhi pakiti, yaani vipande vidogo vya data, zinazosubiri kutoka, na watengenezaji wengi huifanya kubwa mno kwa kuhofia kupoteza pakiti. Pakiti za picha zinaijaza, na pakiti ndogo ya sauti yako inapanga mstari nyuma yao, wakati mwingine sekunde nzima. Kwa mazungumzo, pakiti iliyochelewa sekunde nzima ni sawa na iliyopotea.

Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha CoDel, kanuni inayoangalia pakiti zimekaa kwenye foleni muda gani badala ya kuangalia foleni ni ndefu kiasi gani, na kuanza kuzidondosha zinapoendelea kuchelewa, ili anayetuma apunguze mwendo. Baadhi ya ruta sasa zinayo, mara nyingi chini ya jina SQM. Lakini haisaidii foleni ikiwa inajaa ndani ya modemu, ambako ruta haioni. Kwa hiyo inabidi uiambie ruta itume polepole kidogo kuliko laini inavyoweza: kama kupakia kwako halisi ni megabiti 20, weka 18. Utapoteza mbili, na foleni itahamia kwenye ruta, ambako sauti yako inaweza kupitishwa mbele ya picha.